Kifo cha Mrithi wa Ufalme, na Jinsi Vita Vilivyofika Korogwe na Handeni

Wasikilizaji na wasomaji wetu, mazungumzo haya yanaanza mahali palipo mbali sana na Lutindi, nayo yatafika mpaka chini ya milima ya Lutindi. Tunataka kueleza jinsi mrithi wa kiti cha enzi alivyouawa katika mji mmoja wa Ulaya tarehe 28 Juni, mwaka wa 1914, na jinsi mauti yale yalivyogeuka kuwa vita baada ya siku 37 tu. Watu wengi huieleza habari hii kwa maneno machache: "Mrithi wa mfalme aliuawa, ndipo vita vikaanza." Maneno hayo si uongo, lakini si kweli yote. Risasi zile ziliua watu wawili. Vita viliua mamilioni, na katika hao walikuwamo wapagazi wa nchi yetu ambao hawakupata kulisikia jina la marehemu. Basi ni lazima tuulize: kati ya risasi zile na mizigo ile, palipita nini?

Kabla ya kwenda Ulaya, na tutazame kwanza nyumbani, kwa maana watu wa Usambara si wageni katika mambo haya. Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene wa Vuga, alitawala miaka mingi, akafa mwaka wa 1862. Hakuuawa na mtu. Mjukuu wake, Shekulwavu, akakaa mahali pake. Lakini Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa na nguvu zake Mazinde, kwenye njia ya misafara, mahali ambapo bunduki zilipatikana kwa biashara. Ugomvi ukazuka kati ya mtu na mtoto wa ndugu yake, kila mmoja akatafuta wa kumsaidia, na mji wa Vuga ukachomwa moto. Vita vya ndugu vikaendelea miaka mingi, na watu wengi wakauzwa utumwani. Hapa twajifunza neno la kwanza: jinsi mfalme alivyokufa si jambo kubwa kama jinsi walio hai walivyojiweka tayari. Palipo na kuni kavu, cheche yoyote yatosha. Palipo na kuni mbichi, hata kijinga cha moto huzimika.

Sasa twende Ulaya. Wakati ule palikuwa na dola kubwa iliyoitwa Austria na Hungaria, na mji wake mkuu ulikuwa Vienna. Ndani yake mlikuwamo makabila mengi yenye lugha mbalimbali: Wajerumani, Wahungaria, Wacheki, Wapolandi, Wakroatia, Waserbia na wengineo. Mfalme wake mkuu, Kaisari Franz Joseph, alikuwa mzee wa miaka 83. Mrithi wake hakuwa mwanawe, maana mwanawe wa pekee alikwisha kufa. Alikuwa mtoto wa ndugu yake, jina lake Franz Ferdinand.

Upande wa kusini wa dola hiyo palikuwa na nchi ya Bosnia. Waaustria waliingia Bosnia mwaka wa 1878 wakaisimamia, kisha mwaka wa 1908 wakatangaza kuwa ni mali yao kabisa. Jirani yake ilikuwa Serbia, ufalme mdogo uliojitawala. Katika Bosnia walikaa Waserbia wengi, na baadhi ya vijana wao waliona kwamba nchi yao imechukuliwa na wageni, wakataka kuungana na ndugu zao wa Serbia. Vijana hao walikuwa wachache, nao walikuwa maskini, lakini walipata bastola na mabomu kutoka Serbia kwa msaada wa maafisa wa jeshi waliokuwa na chama chao cha siri.

Franz Ferdinand alikwenda Bosnia kutazama mazoezi ya askari, kisha Jumapili, tarehe 28 Juni, akaingia mji wa Sarajevo pamoja na mkewe, Sophie. Siku yenyewe ilichaguliwa vibaya. Kwa Waserbia tarehe hiyo ni siku ya kukumbuka vita vya Kosovo vya mwaka wa 1389, walivyopigana na Waturuki. Mtu akiingia katika nyumba yenye matanga kwa ngoma na bendera, asistaajabu akitazamwa kwa jicho baya.

Vijana sita walisimama mbalimbali kando ya barabara iliyofuata mto. Ilipopata kama saa nne na dakika kumi ya asubuhi, mmoja wao, Nedeljko Čabrinović, alitupa bomu. Bomu lile halikumpata mrithi. Lilipasuka nyuma ya gari lake likajeruhi watu wa gari lililofuata na watu waliosimama njiani. Magari yakaenda mbio mpaka nyumba ya baraza la mji. Hapo hotuba za kumkaribisha zikasomwa kama zilivyopangwa, na mrithi, baada ya kukasirika, akatulia. Kisha akasema kwamba ataka kwenda hospitali kuwatazama waliojeruhiwa. Basi njia ikabadilishwa ili magari yafuate barabara ya mtoni moja kwa moja.

Lakini madereva hawakuambiwa vizuri. Walipofika karibu na daraja liitwalo Daraja la Kilatini, wakakata kona kuingia njia ya zamani. Mkuu wa Bosnia, Jenerali Potiorek, aliyekuwa ndani ya gari la mrithi, akapiga kelele kumwambia dereva kwamba amekosea. Gari likasimama ili lirudi nyuma. Na mahali lilipokuwa likisimama, hatua chache tu, palikuwa na mmoja wa wale vijana sita, Gavrilo Princip, mwenye umri wa miaka 19. Akatoa bastola akapiga mara mbili. Risasi moja ilimpata Franz Ferdinand shingoni, na ya pili ikampata Sophie tumboni. Muda mfupi baadaye wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Princip alikamatwa palepale. Hakunyongwa, kwa kuwa sheria ya nchi ile haikuruhusu kumwua mtu ambaye alikuwa hajatimiza miaka 20 alipotenda kosa. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20, akafa gerezani kwa kifua kikuu tarehe 28 Aprili 1918, vita vingali vikiendelea.

Hayo ndiyo mauaji yenyewe. Je, ilikuwa lazima vita vifuate? Ili kujibu, na tukumbuke jambo lililotokea katika nyumba ileile ya kifalme miaka 16 kabla. Tarehe 10 Septemba 1898, Malkia Elisabeth, mke wa Kaisari Franz Joseph mwenyewe, alichomwa kifuani na mtu aliyeitwa Luigi Lucheni, huko Geneva katika nchi ya Uswisi, akafa. Mwuaji alikuwa Mwitalia. Lakini Austria haikupigana na Italia, wala haikupigana na Uswisi. Mwuaji alihukumiwa peke yake kwa kosa lake, na dunia ikaendelea na kazi zake. Mwaka wa 1898 aliuawa malkia, na hapakuwa na vita. Mwaka wa 1914 aliuawa mrithi, na vita vikaja. Tofauti haikuwa katika ukubwa wa msiba. Tofauti ilikuwa katika mambo matatu yaliyokuwa tayari mwaka wa 1914.

Jambo la kwanza lilikuwa viapo. Mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yamefungana kwa mapatano, kama watu wa kwetu walivyofungana zamani kwa udugu wa kuchanjiana. Mtu akichanjiana na mwenzake, adui wa mmoja ni adui wa wote wawili. Austria ilifungana na Ujerumani. Urusi ilijiona kuwa mlinzi wa Waserbia, nayo ilifungana na Ufaransa. Uingereza ilikuwa na urafiki na Ufaransa na Urusi, na tena tangu mwaka wa 1839 ilikuwa imetia mkono katika mapatano ya kuilinda Ubelgiji isivunjiwe mipaka yake. Udugu wa namna hii huleta amani wakati watu wametulia. Lakini siku ya ugomvi huwa kamba inayowavuta wote shimoni.

Jambo la pili lilikuwa reli. Majeshi ya siku zile yalikuwa ya watu mamilioni, na ili kuyafikisha mpakani ilikuwa lazima kuwe na maelfu ya magari ya moshi, kila moja kwa saa yake, kwa hesabu iliyoandikwa miaka mingi mbele. Kila taifa liliogopa kuchelewa. Mkuu wa jeshi aliposikia kwamba jirani anakusanya askari, alimwambia mfalme wake, "Tukingoja siku tatu, tumekwisha." Basi maandalizi yaliyofanywa kwa ajili ya kujilinda yakawa ndiyo sababu ya kushambulia.

Jambo la tatu, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote, lilikuwa ufupi wa muda. Kwa karibu majuma manne baada ya mauaji, watu wengi wa Ulaya walidhani mambo yamepita. Lakini tarehe 5 na 6 Julai Wajerumani walikwisha kuwaambia Waaustria kwa siri kwamba watawasaidia kwa lolote watakalotenda. Kisha tarehe 23 Julai, saa kumi na mbili jioni, balozi wa Austria alitoa barua kwa serikali ya Serbia. Ndani yake mlikuwamo madai kumi makali, na muda wa kujibu ulikuwa saa 48. Serbia ilijibu tarehe 25 Julai kabla ya muda kwisha. Ilikubali karibu madai yote; iliyokataa hasa ni kwamba maafisa wa Austria waingie Serbia kushiriki katika upelelezi wa kesi, kwa kuwa ni kuvunja sheria ya nchi. Balozi alisoma jibu upesi, na kabla saa moja haijatimia alikuwa amekwisha kuuacha mji.

Tarehe 28 Julai Kaisari Wilhelm wa Ujerumani alilisoma jibu la Serbia, akaandika kwamba sababu yote ya vita imeondoka. Lakini siku hiyohiyo Austria ilitangaza vita juu ya Serbia, na tangazo lenyewe lilipelekwa kwa simu ya maandishi. Neno la amani lilichelewa saa chache tu. Tarehe 30 Julai Urusi iliamuru majeshi yake yote yakusanyike. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ilitangaza vita juu ya Urusi; tarehe 3, juu ya Ufaransa. Tarehe 4 Agosti askari wa Ujerumani waliingia Ubelgiji, na saa tano ya usiku huo, kwa saa ya London, Uingereza ikawa vitani.

Katika siku zile Kaisari wa Ujerumani na Kaisari wa Urusi walikuwa wakipelekeana simu, kila mmoja akimsihi mwenzake azuie vita, nao walikuwa ndugu. Kaisari wa Ujerumani na Mfalme wa Uingereza nao walikuwa wajukuu wa bibi mmoja, Malkia Victoria. Kama vile ukoo haukumzuia Semboja kupigana na mjukuu wa Kimweri, ndivyo ukoo ulivyoshindwa Ulaya. Damu moja haizuii vita ikiwa hapana baraza la kukaa na kusikilizana.

Sasa tuone jinsi moto huo ulivyovuka bahari. Nchi yetu wakati ule ilikuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Upande wa Kenya na Uganda walitawala Waingereza. Mwezi huo wa Agosti 1914 palikuwa pametengenezwa maonyesho makubwa Dar es Salaam kwa furaha ya reli iliyokuwa imefika Kigoma. Badala ya maonyesho zikaja habari za vita kwa simu ya upepo.

Tena palikuwa na mlango wa amani uliokuwa wazi. Katika Mapatano ya Berlin ya mwaka wa 1885 mataifa yalikuwa yameandika kwamba nchi za sehemu hizi za Afrika zaweza kuachwa nje ya vita vya Ulaya, wote wakikubali. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alipenda jambo hilo. Mkuu wa jeshi lake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakulipenda. Yeye alitaka kupigana huku ili askari wengi wa Uingereza wazuiwe Afrika, wasiende Ulaya. Waingereza nao hawakungoja. Tarehe 8 Agosti manowari yao Astraea ilipiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Siku chache baadaye Wajerumani waliingia Taveta, upande wa Kenya. Hivyo mlango ukafungwa kutoka pande zote mbili, wala hapana aliyewauliza wenyeji wa nchi.

Mwezi wa Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu kiasi cha 8,000, wengi wao wakitoka India, lilishuka Tanga. Waliokuwa wakiwapinga walikuwa kiasi cha 1,000 tu, nao wengi wao walikuwa askari Waafrika. Ni nini kilichowasaidia? Ni reli ya Usambara. Von Lettow alipakia askari wake katika magari ya moshi kutoka upande wa Moshi, wakapita Mombo na Korogwe mpaka Tanga, wakafika kwa wakati. Waingereza walishindwa, wakarudi merikebuni tarehe 5 Novemba, wakiacha bunduki na risasi nyingi. Hivi reli iliyojengwa kuchukua katani, kahawa na mbao ikawa njia ya vita, na kila mtu aliyekaa kando yake akawa mtu wa vitani bila kuondoka kwake.

Mwaka wa 1916 Jenerali Smuts, mtu wa Afrika ya Kusini, alikuja na jeshi kubwa kutoka upande wa Kilimanjaro. Mwezi wa Mei alianza kuteremka kwa kuufuata mto Pangani na reli. Wajerumani walirudi nyuma wakivunja madaraja. Mombo ilitwaliwa mapema mwezi wa Juni, na Korogwe katikati ya mwezi huo. Kutoka Mombo mpaka Handeni Wajerumani walikuwa wametandika reli ndogo ya vigari ili kuchukua vyakula na risasi. Smuts akawafuata njia hiyo, na siku chache baada ya Korogwe, Handeni nayo ikatwaliwa. Tanga ilitwaliwa mwezi wa Julai.

Lakini mji kutwaliwa si mwisho wa taabu. Mara nyingi ndipo taabu huanza. Kutoka Handeni kwenda kusini hapakuwa na reli. Farasi na ng'ombe waliovuta magari walikufa kwa ndorobo, na mvua ilipokuja magari ya motakaa yalizama matopeni. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu. Na hapa yafaa wanafunzi wafanye hesabu nasi. Tuseme mpagazi anachukua ratli 50 za unga, naye hula ratli 2 kila siku. Akienda mwendo wa siku 12 na kurudi siku 12, yeye mwenyewe atakuwa amekula ratli 48. Askari aliye mbele atapata ratli 2 tu. Kwa hiyo kila jeshi lilipozidi kwenda mbele, wapagazi walihitajiwa wengi zaidi na zaidi, mpaka kwa kila askari mmoja palikuwa na wapagazi kadhaa nyuma yake.

Waingereza walitumia wapagazi kiasi cha milioni moja katika vita vile vya Afrika ya Mashariki, na waliokufa wanahesabiwa kuwa si chini ya 95,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, na malaria, na baridi ya mvua bila blanketi, na unga ulioliwa haujaiva kwa kukosa kuni na muda. Wajerumani nao walichukua wapagazi wengi kwa nguvu, wala hawakuweka hesabu nzuri ya waliokufa. Pande zote mbili zilichukua nafaka na mifugo ya vijiji walivyopita, na wanaume waliochukuliwa hawakuwapo wakati wa kulima. Kwa sababu hiyo njaa ilikuja mahali pengi, na mwaka wa 1918 mafua makali yaliyoenea duniani yaliwakuta watu wamekwisha dhoofika. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Vita vya Ulaya vilikoma tarehe 11 Novemba 1918. Von Lettow, aliyekuwa amefika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, aliweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba, majuma mawili baadaye. Hata habari ya amani ilitembea polepole kuliko habari ya vita. Nchi yetu ikapewa Waingereza waitawale, ikaitwa Tanganyika. Dola ya Austria na Hungaria, iliyotaka kulinda heshima yake kwa vita, ilivunjika vipandevipande.

Alama za siku zile zingalipo. Mwaka wa 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam. Wapagazi nao wana kumbukumbu yao, ingawa wengi waipitao kila siku hawaijui: jina la Kariakoo katika Dar es Salaam limetoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wale, na Nairobi kuna Kariokor. Watu huenda Kariakoo kununua vitambaa na mchele, nao wanalitaja jeshi la watu waliokufa na mizigo vichwani.

Je, twaweza kusema kwamba mambo hayo hayazuiliki? Hapana, maana tunao ushahidi mwingine. Tarehe 9 Oktoba 1934 Mfalme Alexander wa Yugoslavia aliuawa kwa bastola mjini Marseille, katika Ufaransa, siku aliyoshuka merikebuni. Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, Louis Barthou, aliyekuwa pamoja naye garini, alifariki vilevile. Yugoslavia ilikuwa ndiyo nchi iliyowaunganisha Waserbia na jirani zao, na mji wa Sarajevo ulikuwa ndani yake. Watu wake walikasirika sana, wakasema kwamba Hungaria iliwaficha na kuwafunza watu wa chama cha wauaji. Wengi walikumbuka mwaka wa 1914, wakaogopa.

Lakini safari hii shauri halikupelekwa kwa barua ya saa 48. Yugoslavia iliipeleka mashtaka yake mbele ya Baraza la Chama cha Mataifa, Geneva. Wote wawili walisemezwa mbele ya watu. Mwezi wa Desemba 1934 Baraza liliamua kwamba Hungaria ichunguze maafisa wake waliozembea na kuwaadhibu, kisha ilete taarifa. Neno lile halikumridhisha kila mtu, na Chama cha Mataifa kilishindwa katika mambo mengine mengi. Vita kuu vya pili vilikuja mwaka wa 1939 kwa sababu nyingine. Hata hivyo mauaji ya Marseille hayakuleta vita. Mfalme mwenyewe alikuwa ameuawa, si mrithi tu, na majeshi yalibaki kambini. Kilichofanya tofauti ni muda na baraza.

Watu wa Lutindi wanayo alama yao ya kuwafundisha jambo hili. Mwaka wa 1896 wamisionari wa Kijerumani walijenga hapo kilimani nyumba ya watoto waliookolewa utumwani, na baadaye mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Vita vya wakubwa huacha nyuma watu wa kutunzwa, na kazi ya kuwatunza huendelea wakati majina ya waliovianzisha yamekwisha sahauliwa.

Basi, ndugu wasomaji, mtu akiuliza tena ni nini kilicholeta vita vya 1914, tusimjibu kwamba ni Princip peke yake. Princip aliua watu wawili, na hilo ni kosa lake. Waliobaki waliuawa na barua isiyotoa nafasi ya kujibu, na hofu ya kuchelewa, na viapo ambavyo hapana aliyethubutu kuuliza mwisho wake. Wala hatuhitaji kuwa wafalme ili tuyatumie mafundisho haya. Kijijini mtu akiuawa mpakani, au ng'ombe wakiibwa usiku, huja watu wenye mapanga wakisema, "Twende sasa hivi." Siku hiyo mzee asemaye, "Tukae kwanza, tuulize nani, tena tusikie na upande wa pili," huonekana mwoga. Lakini huyo ndiye aliyekosekana Vienna, tarehe 28 Julai.